Sukari ya Kundi la Manjano

Kazini walimwita Mama Maranda, na jina lilimkaa. Maranda ya mbao, yale wanayotandikiwa panya ndani ya vizimba, yalimfuata mpaka nyumbani: kwenye soksi, kwenye mikunjo ya kitambaa cha kichwa, siku moja hata ndani ya kikombe cha chai cha mjukuu wake. "Mama, leo tena umetuletea samani," binti yake humtania. Naye hujibu kwamba avumilie tu, kwa mwendo huo kufikia kustaafu watakuwa na kabati zima la nguo.

Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye jengo lile la utafiti. Aliingia kama mpiga deki wa korido, akahamishiwa kuosha chupa, kisha mhudumu mmoja wa wanyama alipolazwa kwa ugonjwa wa mgongo wakamsukuma ndani ya chumba cha panya, wengine wakisubiri nje wamsikie akipiga yowe. Hawakusikia kitu. Alimshika panya wa kwanza chini ya mabega, akamgeuza tumbo juu, akamtazama meno na macho, akamrudisha kizimbani na kuuliza nani anafuata. Mzee aliyekuwa akimfundisha, waliyemwita Babu Chupa kwa kuwa alizitambua chupa zote kwa mikwaruzo yake, alisema huyu mama ana mkono. Watu wa kazi ile hawana sifa kubwa zaidi ya hiyo, na Babu Chupa hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Taa ziliwaka zenyewe saa moja asubuhi na kuzima zenyewe saa moja jioni, panya wapate mchana na usiku wao bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Kulikuwa na rafu tatu za vizimba, sinki, meza ya chuma, mizani, na daftari lililofungwa kamba kwenye mguu wa meza baada ya watafiti wawili kuondoka nalo. Kila asubuhi Mama Maranda alipima kila panya, akapima kila chupa ya maji, akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa duara, na hakuna aliyewahi kukuta namba yake ya uongo. Wengine wakichelewa hukisia. Wanaandika ya jana kwa kuipunguza kidogo. Yeye akikosa kupima, aliandika "sikupima" na kuacha nafasi. Jambo hilo lilimletea maneno mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba hajui kuandika vingine.

Alishuhudia majaribio mengi: ya shinikizo la damu, ya minyoo, ya vidonda. Hakuwahi kubeba hata moja kwenda nalo nyumbani. Panya walikuwa kazi, na kazi iliishia pale alipovua glavu. Ndivyo ilivyokuwa mpaka siku Daktari alipowakusanya kuwaeleza juu ya panya wapya.

Daktari alikuwa mtafiti mkuu, mtu mwembamba aliyetembea siku zote kwa haraka, shati limechomoka upande mmoja, na walimwita Daktari tu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumuuliza zaidi. Alisema panya hawa wamezaliwa na ugonjwa wa figo, wa kurithi. Figo zao zinaota vifuko vya maji. Vinaanza vidogo kama punje ya mtama, vinakua, vinabanana, mpaka nyama nzuri ya figo inakosa pa kukaa. Binadamu nao wanao ugonjwa wa namna hiyo. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto yuko nusu kwa nusu. Sasa imepatikana dawa, na mfadhili anataka kujua kama inazuia vile vifuko visikue. Wengine walikuwa wanaandika. Mama Maranda alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Ugonjwa huo aliujua kabla ya Daktari kuusomea. Mumewe, dereva wa lori, alikufa nao akiwa na miaka arobaini na minne, kiuno kikimuuma hata akiwa amelala, tumbo limejaa upande mmoja. Mama yake mume naye alikwenda hivyohivyo. Kwenye ukoo wakauita tumbo la kwetu, wakauzoea. Kisha, miaka mitatu kabla ya panya kufika, binti yake wa pekee, fundi cherehani wa miaka ishirini na nane, alikwenda kliniki kwa maumivu ya kichwa akarudi na picha ya tumbo ndani ya bahasha. Figo zote mbili zilikuwa zimejaa vifuko. Binti huyo naye ana mtoto mmoja, wa kike, wa miaka mitano, wanayemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi kidevuni. Kidoti hajapimwa. Mama yake alikataa. Alisema mwacheni kwanza ang'oe meno ya utoto, hayo mengine yatamkuta tu.

Basi Mama Maranda alirudi nyumbani siku ile akafanya kosa lake la kwanza, ambalo hata halihesabiki mbele ya lile lililofuata. Alisema.

"Kuna dawa," alimwambia binti yake kabla hata hajavua viatu.

"Ya nini?"

"Ya kwako."

Binti alisimamisha cherehani. Aliuliza kama panya wenyewe ni wazuri.

Panya walikuwa ishirini, kila mmoja na kizimba chake. Kumi walikuwa na kadi ya kijani, kumi ya manjano. Chakula chao kilitoka kwa mfamasia kikiwa kwenye mifuko miwili ya rangi hizohizo. Mmoja umechanganywa dawa, mwingine hauna kitu. Upi ni upi, alijua mfamasia peke yake, na yule dada mdomo wake ulikuwa mzito kwelikweli. Daktari mwenyewe hakutaka kujua. Aliapa mbele ya watu kwamba hatafungua daftari wala kuambiwa neno lolote juu ya kundi lolote mpaka wiki ya kumi na sita iishe. "Nikijua nitaanza kupendelea," alisema, "na nikipendelea nitaona nisichokiona."

Vizuri. Lakini anayebadilisha matandiko utamficha nini? Wiki ya pili haijaisha, Mama Maranda alishajua. Maranda ya wa kijani yalikuwa yanalowa chapachapa kila asubuhi, na chupa zao zinakauka. Dawa ilikuwa inafungulia mkojo, nao wanakunywa kufidia. Wa manjano walikuwa wakavu. Hakumwambia mtu yeyote kazini. Huko alijitia hamnazo. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Kila jioni binti aliuliza, "Wa kijani hawajambo?" na kila jioni aliambiwa hawajambo, manyoya yanang'aa, mmoja jana amenikwaruza kwa afya tu. Wakawa wanazungumza juu ya panya kumi kwa namna familia nyingine zinavyozungumzia ndugu aliye safarini. Binti akaanza kushona nguo za wateja kwa kuimba tena. Mama Maranda, ambaye tangu afiwe hakuwahi kujiruhusu kutarajia kitu chochote zaidi ya mshahara, alijikuta usingizini anahesabu miezi.

Wiki ya sita mambo yakaharibika, na si upande aliokuwa akiuogopa. Wawili wa manjano walikonda. Walijikunja pembeni, masikio chini, hawagusi chupa. Sheria ya pale ni moja: mnyama akipoteza moja ya tano ya uzito wake anapumzishwa kwa sindano ya mwisho, hateseki zaidi ya hapo. Wakapumzishwa. Siku ile Daktari, akinawa mikono, alisema kwa sauti yake ya kawaida:

"Wamebaki wanane. Kundi likishuka chini ya wanane, hesabu haisimami. Itabidi tufunge."

"Tufunge ndiyo nini, Daktari?"

"Tufunge kazi yote, Mama. Mfadhili hatuletei panya wengine."

Akajifuta mikono akatoka. Mama Maranda alibaki akimtazama panya namba kumi na nne, wa manjano, ambaye chupa yake tangu jana ilikuwa imepungua kidogo mno.

Sasa hapa ndipo watu waliosoma wangefanya lao na Mama Maranda akafanya lake. Babu Chupa alimfundisha mambo mengi ambayo hayakuandikwa popote, na moja ni hili: panya akisusa maji, mtilie glukosi kijiko cha chai kwenye chupa. Ataonja, atarudi, atakunywa mpaka chupa ilie. Walilifanya miaka yote kwa panya wanaofika wamechoka na safari. Kopo la glukosi lilikaa kwenye rafu, kando ya sabuni. Hakuna aliyelihesabu kuwa dawa. Kwao ilikuwa ni kutunza tu, sawa na kumgeuzia mgonjwa mto.

Akamtilia namba kumi na nne. Asubuhi iliyofuata chupa ilikuwa tupu na panya amesimama kwenye nondo anamtazama. Moyo wa Mama Maranda ulitulia kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Na hapo ndipo akakumbuka jambo alilolisikia kwa watafiti miaka yote kumi na tisa, kwamba ndani ya kundi moja wanyama wote watendewe sawa, pasiwe na upendeleo. Akaona haki ni haki. Akatia glukosi kwenye chupa zote nane za manjano, kijiko kilekile, kimesawazishwa kwa kidole. Wa kijani hakuwagusa. Wao walikuwa wanakunywa vizuri, wana shida gani?

Kila asubuhi akapima maji na kuandika namba za kweli, kwa mwandiko wake mkubwa wa duara. Sukari hakuiandika. Daftari lilikuwa na safu ya uzito, safu ya maji na safu ya chakula. Halikuwa na safu ya sukari. Hayo ndiyo aliyojiambia. Mimi nadhani pia kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia anyamaze, akaitii, kwa kuwa alihitaji zile wiki kumi zilizobaki kuliko alivyohitaji kuwa mtu mwema.

Hakuna wa manjano aliyekufa tena. Wote wanane walifika wiki ya kumi na sita wakiwa wanene. Siku ya mwisho aliwashika mmoja mmoja mikononi wakati wa kupumzishwa, wa rangi zote, akiwaambia kama ilivyo desturi yake, "Haya baba, tulia, imekwisha." Nyumbani binti yake alikuwa hawezi tena kukaa kwenye cherehani baada ya saa sita mchana. Miguu ilivimba, viatu vikakataa. "Bado kidogo," mama alimwambia. "Wanapima figo sasa. Majibu yanakuja."

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki. Mfamasia alifungua bahasha yake, Daktari akawasha mashine, picha za figo zikatokea ukutani: za kijani kushoto, za manjano kulia. Mama Maranda hakuhitaji kuelezwa. Zilikuwa zinafanana. Uzito uleule, vifuko vilevile, si vingi, si vichache. Sauti ya mwakilishi wa mfadhili ikasikika kwenye simu iliyowekwa mezani, sauti ya adabu sana. Iliwashukuru wote kwa kazi safi. Ikasema dawa imeonekana haina tofauti na chakula kitupu na kwamba wao sasa wanahamia kwenye kitu kingine. Mkutano haukufika robo saa. Mtu akauliza kama kuna soda.

Siku ya tatu yake Daktari alimwita ofisini. Daftari lilikuwa mezani, na ile kamba yake imekatwa.

"Kaa, Mama."

Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nimeanza kulisoma sasa. Wa manjano hawa. Mpaka wiki ya sita maji yao ni ya kawaida. Wiki ya saba wanakunywa mara tatu, mpaka mwisho. Mizani iliharibika?"

"Hapana. Mizani nzima."

"Basi uliandika vibaya."

Daktari alimtazama kwa namna ya mtu anayeomba. Neno moja tu la "labda" lingewatosha wote wawili, wakafunga daftari wakaenda zao.

"Mimi siandiki vibaya, Daktari."

"Sasa?"

"Niliwatilia glukosi. Walikuwa wanakufa. Ulisema wakipungua unafunga."

Daktari alivua miwani akaiweka juu ya daftari. Aliposema, alisema polepole, na Mama Maranda alitamani amkaripie.

"Sikiliza. Mwilini kuna homoni inayozuia maji yasipotee. Homoni hiyohiyo ndiyo inayovilisha vile vifuko. Ukinywa maji mengi, inatulia, na vifuko vinapungua kasi. Dawa yetu kazi yake ilikuwa kuifunga homoni hiyo. Wewe ukaituliza kwa maji. Tumeshindanisha dawa na dawa, Mama. Zikaenda sare."

"Kwa hiyo ile dawa inafanya kazi?"

"Huenda."

"Huenda maana yake nini?"

"Maana yake sijui! Na hakuna atakayejua." Sasa alipandisha sauti. "Niliwapigia jana, nikawaambia kuna kasoro kwenye maji, turudie. Wakasema pole. Wameshaanza na nyingine. Panya tuliokuwa nao wameisha, na hiyo dawa imewekwa kabatini na watu ambao hawana sababu ya kuitoa."

"Waambie ni mimi. Niandike barua. Nifukuze."

"Nikikufukuza vifuko vitapungua?" Alishika kichwa. "Kwa nini hukuniuliza, Mama? Neno moja tu."

"Uliapa usiambiwe."

Ilikuwa kweli. Daktari alikuwa ameapa mbele ya watu wote, na hakuna aliyekiheshimu kile kiapo chake kwa uaminifu kuliko mwanamke huyu. Alimuuliza tu, kwa sauti iliyokwisha, ni kitu gani kilichomfanya awahangaikie panya kiasi kile. Mama Maranda alisema alitaka kazi ifike mwisho. Habari za binti yake hakuzitaja. Angezitaja zingekuwa ombi la kusamehewa, na yeye hakuona kwamba anastahili kuomba.

Aliondoka saa tisa alasiri, mapema kuliko siku zote. Njia nzima alikuwa hajijui. Alipita duka la dawa, akapita shule, akakaribia kugongwa na baiskeli, mwendeshaji akamtukana, naye akasema asante. Ilipobaki mitaa miwili, kitu kikamjia na akasimama katikati ya watu. Maji! Daktari mwenyewe amesema. Maji mengi yanatuliza vifuko. Hayahitaji mfadhili, hayahitaji kabati la mtu. Yako bombani. Alianza kutembea haraka, mwishowe akawa anakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na sita na mkoba unampiga nyongani.

Binti alikuwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto, cherehani imefunikwa. Mama hakusalimia. Alijaza kikombe kikubwa, kile cha bati, akamletea kikimwagika.

"Kunywa. Kunywa chote, halafu nikuletee kingine. Kuanzia leo kila saa."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Nitakueleza, wewe kunywa kwanza."

"Mama." Binti alijiinua kwa kiwiko. "Nimetoka kliniki leo. Wamenikataza. Nusu lita kwa siku, na chai imo humo humo. Figo hazitoi tena. Nikinywa, maji yanapanda kifuani. Mwezi ujao wananianzishia mashine ya kusafisha damu."

Mama Maranda alikaa chini sakafuni, kikombe mkononi. Ndipo akasema yote: namba kumi na nne, kijiko, kidole kilichosawazisha, chupa nane, picha mbili ukutani zinazofanana. Hakujipunguzia hata neno moja. Binti alimsikiliza macho yakiwa darini. Nje Kidoti alikuwa anaruka kamba na mtoto wa jirani, wakihesabu kwa sauti na kukosea.

"Ingekuwa tayari lini?" binti aliuliza mwishowe. "Hiyo dawa. Kama isingekuwa sukari."

"Daktari alituambia mwanzoni. Panya kwanza, halafu wanyama wakubwa, halafu watu. Miaka kumi. Labda kumi na moja."

"Basi mimi nisingeiona hata kwa darubini." Alinyoosha mkono akamshika mama yake begani, akatoa kipande cha maranda kwenye kitambaa chake, akakitupa. "Usijibebeshe mzigo wangu. Kwangu mimi ilikuwa imeshachelewa kabla hujagusa hilo kopo. Miaka kumi, Mama! Miaka kumi mimi niko wapi?"

Aliyasema kwa upendo, na kwa dakika moja yakamfariji. Kisha wote wawili wakatazama mlangoni, kwa sababu walikuwa wamepiga hesabu ileile. Kule nje waliposahau kumi na nne wakaanza tena, moja, mbili, tatu. Miaka kumi kutoka leo Kidoti atakuwa na kumi na tano.

Binti aligeuza uso ukutani.

Mama Maranda alisimama, kikombe bado kimejaa, akaenda mlangoni akamwita mjukuu. Mtoto alikuja mbio, kamba shingoni, anatweta.

"Kunywa."

"Sina kiu, bibi."

"Kunywa tu."

Kidoti alikunywa robo, akafuta mdomo kwa mkono, akageuka arudi kwa mwenzake. Bibi yake akamshika kifundo cha mkono, si kwa upole.

"Kimalize."

"Nimeshiba. Tumbo linaniuma."

"Kimalize chote," alisema, na akabaki amemshika mpaka mtoto akaanza kulia huku anakunywa.